Joto la Shemasi

Lori la kusafirishia farasi lilipoingia uani, Ozella Raglin alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunja bandeji za miguu ya farasi. Alizivingirisha pajani, akizikaza kila mzunguko kama alivyofundishwa na baba yake, maana bandeji iliyokunjwa legelege hufunguka njiani, farasi akaikanyaga, ukawa msiba. Ulikuwa mwisho wa Novemba, na baridi ya Kentucky ilikuwa imeshaanza kung'ata masikio. Dereva akashuka amevaa shati la mikono mifupi.

“Koti umelisahau wapi, bwana?” Ozella akamuuliza.

“Nimelivua tangu Ohio. Huyu mzigo wenu anatoa joto.”

Akafungua mlango wa nyuma. Mvuke ukatoka kama sufuria ya maharage imefunuliwa, kisha akashuka farasi wa kahawia nyekundu, kichwa chini, mbavu za kuhesabika. Jina lake la mbioni lilikuwa Chajio cha Shemasi, lakini hakuna mtu mwenye ndoo mbili mikononi anayeita jina refu namna hiyo, kwa hiyo kabla hajafika kizimbani alikuwa amekwisha kuwa Shemasi tu.

Shamba lile la kaunti ya Bourbon lilikuwa la mapumziko. Farasi wa mbio walioteguka, waliochoka, waliokohoa damu, waliletwa pale warudishiwe mwili. Ozella alikuwa saisi tangu ujana wake. Kazi yake ilikuwa kulisha, kusugua, kufunga miguu, kuzoa mavi, na kujua farasi anataka kusema nini kabla hajasema kwa teke. Huyu alikuwa anasaga meno na kugeuza shingo kutazama ubavu wake wa kushoto, kama mtu anayesikia anaitwa na asijue na nani. Ozella akaweka kiganja pale ubavuni, nyuma ya kiwiko, akakiondoa upesi. Palikuwa pa moto kama bati la paa mchana wa Agosti.

“Vidonda vya tumbo,” akasema.

“Vikali,” dereva akakubali. Akavaa koti lake, akaondoka.

Vizimba vya upande wa pili vilikuwa chini ya saisi mwenzake, Eusebio Tzoc, mtu wa milima ya Guatemala, mwenye meno mazuri na mdomo usiotulia. Kesho yake Ozella alimkuta ndani kwa Shemasi, amebandika chapati ya mahindi kwenye ubavu wa farasi, anaigeuza kwa ncha za vidole.

“Eusebio, mwanangu, huyo si jiko.”

“Sijasema ni jiko, Bi Ozella. Nimesema chapati imeiva.”

“Toka humo.”

“Nikuwekee na yako?”

Siku ile Ozella alikataa. Wiki iliyofuata alikuwa anaweka birika la kahawa juu ya ukuta wa mbao, pale ambapo Shemasi hupenda kuegemea, na kahawa ilikuwa tayari kabla hajamaliza kuzoa kizimba cha kwanza. Paka wa shamba walihamia. Theluji ya kwanza ilipoanguka ilikaa juu ya paa lote la banda isipokuwa mraba mmoja juu ya Shemasi, ambako bati lilibaki jeusi na kavu, na kunguru wakajipanga pembeni yake kama wazee wanaoota moto.

Wafanyakazi waliishi katika nyumba iliyokuwa nyuma ya ghala la tumbaku lililokuwa limeshaisahau tumbaku. Mtambo wa joto wa nyumba ile ulikufa majira ya baridi yaliyopita. Hollis Crabb, msimamizi wa shamba, alisema kifaa chake kimeagizwa. Alikuwa amesema hivyo tangu Pasaka. Mtu akiwasha hita ya umeme, taa za nyumba nzima zilizimika, na hita yenyewe pia. Na bandani hita zilikatazwa kabisa. Katazo hilo lilikuwa la haki, kwani nyasi kavu na waya wa umeme havijawahi kupatana, na mtu yeyote wa kaunti ile angeweza kukuonyesha msingi mweusi wa banda lililoungua na farasi wake ndani.

Ozella hakuwa akijihurumia yeye. Alikuwa na kaka yake, Thurman, aliyeishi naye chumba kimoja. Thurman alipanda farasi wa mbio ujanani, kisha akapanda wa mazoezi, kisha akabaki kushika kamba za farasi wa watu wengine, na sasa alikuwa ameshika kifua chake tu. Mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la viwanja vyote alivyowahi kupita. Hospitali ya mjini ilikuwa imempa vidonge na ushauri kwamba akae mahali pa joto, ikamrudisha nyumbani. Basi kila mchana alijikokota mpaka bandani, akakaa nje ya kizimba cha Shemasi, mgongo kwenye mbao, akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu majani yaanguke, alikohoa bila kushika ukuta.

“Huyu farasi mna mpango gani naye?” akamuuliza dada yake.

“Kumponya, kaka.”

“Ndiyo,” Thurman akasema. “Ndiyo kazi.”

Daktari wa mifugo, mama mmoja mfupi aitwaye Pell, alitaka kuona tumbo kwa ndani. Ili alione, ilibidi liwe tupu. Kwa watu wa farasi hilo si jambo geni. Asubuhi ya mbio farasi huondolewa nyasi, akafungwa kikapu mdomoni asije akatafuna hata majani ya kulalia, ili akimbie akiwa mwepesi. Wao huita kumkausha. Hakuna saisi ambaye hajawahi kumkausha farasi, na mikono yao inazijua kamba za kikapu kile hata macho yakiwa kwingine. Na wako wakufunzi ambao, wakiona farasi amekaushwa akashinda, humkausha na kesho yake, na kesho kutwa, mpaka inakuwa ndiyo desturi ya nyumba. Shemasi alikuwa ametoka kwenye nyumba ya namna hiyo.

Ozella akamkausha jioni. Kabla giza halijaingia barabara, barafu kwenye ndoo za vizimba vya jirani ikayeyuka. Mabomba yakaanza kudondosha maji. Farasi wengine wakasogea upande wa Shemasi kadiri kuta zilivyowaruhusu. Eusebio akabeba godoro lake akaja kulala kwenye njia ya banda, soksi mfukoni, na Thurman akalazwa chumba cha kuwekea matandiko ya farasi, kinachotenganishwa na Shemasi kwa ukuta mmoja wa mbao. Asubuhi Thurman aliamka midomo ina rangi. Shemasi alikuwa ametoboa ardhi kwa kwato upande mmoja wa kizimba, jasho limemkauka shingoni likawa chumvi.

Daktari Pell alipitisha mpira wake mrefu wenye taa puani mwa farasi, ukateremka kooni, ukafika. Kioo kilijaa ukungu, akangoja. Picha ilipotulia wote wakainama kutazama. Sehemu ya juu ya tumbo ilikuwa na mashimo mekundu yenye kingo za manjano, mfano wa sufuria iliyosahauliwa motoni, na pembeni, kwenye shimo kubwa kuliko yote, kulikuwa na makaa mawili matatu bado yanawaka.

“Nimewahi kumwona mmoja kama huyu kule Ohio,” daktari akasema. “Yule alikuwa anatoa na moshi. Huyu ana afadhali.”

“Yatazimika?” Ozella akauliza.

“Yatazimika akila. Jiko la farasi halizimwi, Bi Raglin. Tumbo lake linatoa ukali mchana na usiku, ale asile. Kinachouzima ni mate, na mate hayaji mpaka atafune. Mpe dawa hii asubuhi kabla ya chochote. Nafaka kidogo sana. Nyasi zisikatike mbele yake hata mara moja. Mpeleke malishoni akae na wenzake. Mwacheni awe farasi.”

Mwenye farasi alikuwa daktari wa meno wa Louisville, mtu mpole aliyezungumza kwenye simu kana kwamba mdomo wa anayemsikiliza uko wazi. Alisema amechoka na mbio. Shemasi akipona kabisa, atampa mpwa wake mwenye malisho Tennessee, na huko hatapandwa na mtu tena. Apone tu kwanza, maana mpwa hawezi kuhudumia mgonjwa.

Ozella alilichukua neno hilo akaenda nalo kizimbani. Maisha yake yote alikuwa amewaponya farasi ili warudi kuumia. Aliwatia nyama mwilini, uwanja wa mbio ukazila. Huyu angekuwa wa kwanza kuponywa ili akae amepona.

Basi akamhudumia. Asubuhi alimtia dawa kwenye kona ya mdomo, uji mweupe mzito ndani ya bomba kama la sindano, akamshika kidevu mpaka ameze, kwa sababu Shemasi alikuwa fundi wa kuficha dawa chini ya ulimi na kuitemea mtu begani. Alimtundikia wavu wa nyasi kila pembe ya kizimba, ili kila anakogeuka akute chakula. Alimkatia majani ya alfalfa, akamlowekea. Wafanyakazi wa zamani huamini kwamba farasi mnyonge huchangamshwa kwa konzi ya nafaka yenye molasi, na kila aliyepita alikuja na konzi yake ya huruma. Ozella aliwafukuza wote kwa ufagio. Mchana alimpeleka malishoni, akamsimamia kwenye theluji huku akila mabua yaliyojitokeza, na pale aliposimama theluji iliyeyuka ikawa duara la matope.

Duara likaanza kupungua. Kwanza lilikuwa la ukubwa wa meza, kisha la sinia, kisha Shemasi akawa anasimama kwenye theluji na theluji haina habari. Aliacha kusaga meno. Manyoya yake yakashika mng'ao. Siku moja, kuelekea Krismasi, Ozella alimkuta amelala chini kabisa, ubavu mzima sakafuni, miguu imenyooka, anakoroma. Farasi mwenye maumivu halali hivyo. Ozella akasimama pale na toroli la mavi mpaka Eusebio akamwuliza kama amekufa yeye au farasi.

“Sikiliza anavyokoroma,” Ozella akasema.

“Nasikia.” Eusebio alikuwa amevaa makoti mawili. “Mgonjwa wako anapona vibaya, Bi Ozella. Kahawa leo imenishinda kunywa. Nimeitafuna.”

Hakuna aliyesema neno baya. Walipita tu, wakaweka viganja ubavuni mwa Shemasi kama watu wanaogusa jeneza, wakaendelea na kazi. Mraba wa paa ulishikwa na theluji, kunguru wakaondoka. Thurman alikuwa bado analala chumba cha matandiko, lakini sasa alilala na kofia, na kikohozi kilikuwa kimerudi na ndugu zake.

Baada ya Mwaka Mpya baridi ilishuka mpaka misumari ya uzio ikawa inalia. Asubuhi moja Ozella alikuta nyavu zote nne tupu na kizimba kina joto. Shemasi alikuwa anatazama ubavu wake wa kushoto. Akasema moyoni, amekula haraka, nitaongeza. Akaongeza. Siku mbili zikapita, ikawa vilevile, na safari hii palikuwa na alama ya kamba nyuma ya masikio ya farasi, manyoya yamelala upande.

Jioni iliyofuata alijifanya amekwenda zake, akarudi kwa mlango wa ghala. Akamkuta Eusebio ameshika kikapu cha mdomo, anakifunga taratibu, kwa adabu, huku akimsemesha Shemasi kwa lugha ya kwao.

“Kesho anakimbia?” Ozella akauliza.

Eusebio hakugeuka. “Hakimbii.”

“Basi mbona unamkausha?”

“Baridi, Bi Ozella.”

“Baridi imemfanya nini yeye?”

“Yeye? Hakuna.” Akamaliza fundo. “Leo asubuhi nilivua kiatu, kidole kikawa hakijui kama ni changu. Na mzee Thurman amekohoa mpaka matandiko yameanguka ukutani. Mimi nimefunga tu. Aliyenituma ni bosi, lakini asingenituma ningefunga vilevile, sitakudanganya.”

Ozella akafungua kikapu, akatundika nyavu upya, akaenda moja kwa moja kwa Crabb. Msimamizi alikuwa anakula mkate wa mahindi uliovunjiwa ndani ya glasi ya maziwa, kwa kijiko. Hakuwa mtu mkali. Alimvutia kiti.

“Hakuna anayemuumiza, Bi Ozella. Tunamchelewesha tu.”

“Daktari amesema nyasi zisikatike.”

“Daktari anakuja na gari lenye joto, anaondoka na gari lenye joto. Mimi nina majike wanaozaa mwezi huu. Nimewahamishia banda lile wote. Mtoto wa farasi akidondoka kwenye barafu akiwa na maji ya mamaye, una habari anaishi dakika ngapi?”

“Tengeneza mtambo wa nyumba, basi. Watu walale nyumbani kwao.”

“Kifaa kimeagizwa.”

“Mwenyewe anajua? Yule wa meno?”

“Anajua anapona.” Crabb akakwangua glasi. “Apone taratibu. Kuna haraka gani? Tennessee haihami.”

Ozella aliporudi, Thurman alikuwa amekaa kitandani chumba cha matandiko, anavaa viatu. Kuta za mbao hazifichi maneno, alikuwa amesikia yote ya jioni ile.

“Unakwenda wapi, kaka?”

“Chumbani kwetu.”

“Chumbani kwetu kuna barafu ndani ya glasi.”

“Najua kulivyo.” Alifunga kiatu kwa muda mrefu, akapumzika, akafunga cha pili. “Nilipokuwa napanda, mdogo wangu, nilikuwa natafuna nyama naitema kwenye kopo ili nisizidi uzito. Nimekaa kwenye chumba cha mvuke mpaka nikaona watu wasiokuwepo. Njaa ya kukosa unaweza kuitukana, ukatukana na serikali ukapenda. Lakini njaa ya kufungwa mdomo na mtu anayekupenda, anayekusugua mgongo huku anakufunga, hiyo huna pa kuitukania. Sitalala kwa moto wa namna hiyo.”

“Nani kasema utalala? Nimemfungua.”

“Leo umemfungua.”

Akaondoka, anashika uzio, ubao kwa ubao.

Ozella akalinda. Alihamishia kazi zake zote mbele ya kizimba: kushona mablanketi, kusafisha hatamu, kula. Eusebio alipita akacheka kidogo, akasema banda limepata askari, lakini hakujaribu tena. Shemasi alitafuna. Alitafuna asubuhi, alitafuna mchana, sauti ile ya taya ikawa kama saa ya ukutani, na mwili wake ukapoa mpaka ukawa na joto la farasi yeyote. Jike mmoja alizaa, mtoto akagandia kwenye majani kabla hajasimama. Crabb alikuja na toroli, akamchukua, akampita Ozella. Hakumlaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililomkaa.

Daktari Pell alikuwa aje mwanzo wa Februari. Ozella aliona kila dalili. Mavi mazuri, macho maangavu, usingizi wa ubavu. Alianza hata kumchana mkia kwa ajili ya safari.

Baridi kuu ilifika siku chache kabla ya daktari. Adhuhuri Ozella akaenda nyumbani na bakuli la maharage ya Thurman. Alimkuta amekaa kitandani amevaa nguo zake zote, na ya kanisani juu. Hakuwa anakohoa. Ozella akafurahi kwa muda mfupi, kisha akaelewa kwamba kukohoa kunataka nguvu. Kucha zake zilikuwa na rangi ya wino.

“Kaka.”

“Usinirudishe kule,” Thurman akasema. Kila neno alilipanda kama ngazi.

Ozella akamwita Eusebio. Wakamfunga kwenye blanketi la farasi, wakamvusha uwanja, mmoja kichwani mmoja miguuni. Hakuwa na uzito wa kusema. Alikuwa ameutema wote zamani kwenye kopo. Walipomlaza chumba cha matandiko pumzi yao ilikuwa inaonekana, pumzi ya Ozella, pumzi ya Eusebio. Ya Thurman ilibidi uitafute.

“Nipige simu hospitali?” Eusebio akauliza.

“Piga.”

Akapiga. Walisema barabara imefungwa na barafu, gari litakuja likiweza, na kwamba kwa sasa mgonjwa awekwe mahali pa joto.

Eusebio alisimama mlangoni. Hakutazama upande wa kizimba. Alikuwa mtu wa utani, lakini si mtu mbaya, na alijua kwamba kuna kazi ambayo ukimfanyia mtu unamwibia.

“Nenda kaangalie majike,” Ozella akamwambia.

Alipobaki peke yake aliingia kwa Shemasi. Farasi alikuwa amelala ubavu mzima, anakoroma. Ozella akamgusa bega, akaamka bila hofu, akanyanyuka, akajikung'uta majani, akaenda kwenye wavu wa kwanza kuendelea pale alipoachia. Ozella akaondoa wavu wa pili, na wa tatu, na wa nne. Ule wa kwanza alimwachia amalize fungu lililokuwa mdomoni. Aliona ndiyo adabu. Kisha akauondoa nao, akachukua kikapu msumarini, akapitisha kamba nyuma ya masikio. Mikono yake ilifunga fundo bila kumwuliza.

“Kidogo tu,” akamwambia. “Kidogo tu, baba.”

Akamsugua mgongo.

Jioni ilipoingia, Shemasi alianza kusaga meno. Birika lililokuwa juu ya ukuta likaanza kuimba. Paka wakarudi mmoja mmoja, wakajikunja pale pao. Katika chumba cha matandiko, Thurman alivuta pumzi moja ndefu, ikafuatwa na kikohozi kizuri chenye nguvu, na kucha zake zikabadilika rangi kuanzia dole gumba. Alipofumbua macho alinyoosha mkono akagusa ukuta wa mbao. Akauacha mkono pale. Ozella alingoja aulizwe.

Thurman hakuuliza. Aligeukia upande wa pili, ili mgongo nao upate.

Gari la hospitali lilikuja barabara ilipofunguka. Walimpima wakasema anaendelea vizuri, aendelee kukaa hapohapo. Daktari Pell naye akaja siku yake. Hakuhitaji kuagiza farasi akaushwe, kwani alikuwa mkavu tayari. Alipitisha mpira, akangoja ukungu uondoke, akatazama. Mashimo ya zamani yalikuwa yamefunguka na mapya yamekaa kando yake, na makaa yalikuwa mengi, yamejaa vizuri, kama ya mtu anayejua kutunza moto.

“Huyu alikuwa amepona,” akasema. “Kuna kovu hapa. Alikuwa amepona kabisa. Nani anamnyima?”

Eusebio akatazama kofia yake. Crabb akatazama paa.

“Mimi,” Ozella akasema.

Daktari Pell alimtazama, kisha akatazama mlango wa chumba cha matandiko, uliokuwa wazi, na mzee aliyelala ndani kwa shati tu. Alikunja mpira wake polepole. Alikuwa ametoka mbali, vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na bila kufikiri aliviweka ubavuni mwa farasi mpaka vikalainika.

“Nitawaachia dawa zaidi,” akasema.

Mwenye farasi aliambiwa bado. Alisikitika, akasema mpwa wake atangoja. Februari ilipita hivyo. Watoto wa farasi waliozaliwa bandani waliishi wote, walisimama kwenye majani ya uvuguvugu wakitetemeka miguu tu. Kifaa cha mtambo wa nyumba kilifika mwezi Machi. Crabb akakirudisha, kwa kuwa hapakuwa na haja nacho tena, watu wote walikuwa wamehamia bandani. Msimamizi wa shamba la jirani alikuja kutazama, akatembea njia ya banda kutoka mwisho hadi mwisho amevua glavu, akauliza Shemasi alipatikana wapi. Aliambiwa wako wengi kule kwenye viwanja vya mbio, ni kuchagua tu. Mwezi huohuo alijiletea wawili.

Majani yalipochipua Ozella alimfungua Shemasi, akampeleka malishoni, akamwacha huko. Hakuna aliyemzuia, nani anataka moto wakati wa kiangazi? Alimtia dawa, alimlowekea alfalfa, alimtoa miiba mkiani. Kufikia Julai alikuwa amepona, mnene, anang'aa kama meza ya wakili, na alilala ubavu mzima kwenye majani ya Kentucky, yale wanayoyaita ya buluu, huku nzi wakimtembea. Ozella alimwambia Crabb apige simu Tennessee. Crabb alisema atapiga. Alimkumbusha Agosti, akasema atapiga. Thurman alikuwa ameongezeka mwili kidogo, akikaa jioni nje ya banda na kofia usoni, na Ozella hakumkumbusha tena Crabb mwezi wa Septemba.

Asubuhi ya kwanza ambayo umande uliganda juu ya uzio, Ozella alikwenda langoni na kamba kumchukua farasi. Hakuihitaji. Shemasi alikuwa anangoja pale. Akampita, akavuka uwanja peke yake, akaingia bandani, akaingia kizimbani kwake, akasimama katikati. Nyavu zilikuwa zimejaa nyasi mpya zenye harufu nzuri. Hakuzigusa. Aliinamisha kichwa mpaka kikafika usawa wa kifua cha mwanamke, akakiweka hapo kimetulia, ili asipate taabu na kamba.

Ozella akamfunga.